Mtungi wa Kimea cha Nyumba Mbili

Mnaniuliza kwa nini pombe yenu inakuwa kali kama siki, na mnaniuliza mkiwa mmesimama mlangoni, simu mkononi, mkitaka nijibu kabla pikipiki haijaondoka. Kaeni chini kwanza. Mimi nimeacha kazi. Moshi umenimaliza macho, na magoti hayataki tena kuchuchumaa mbele ya mafiga, kwa hiyo siku hizi nina kitu ambacho nyinyi hamna, nacho ni nafasi.

Kazi yenyewe ni mandro, pombe yetu ya hapa Ituri, ya unga wa mahindi na kimea. Niliipika mtaa wa Nyakasanza mpaka watoto wa jirani wakadhani Mandro ndilo jina langu la ubatizo. Aliyenifundisha ni Mama Afoyo, mjane wa kutoka Mahagi. Alikuja Bunia akimfuata mumewe, dereva wa lori, na mumewe alipokufa akabaki na mitungi yake na ua wenye ukuta wa matofali mabichi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono minene na ulimi mkali, na hakukosa misa ya asubuhi hata mara moja. Nimefahamu watu wengi wenye vyeo. Sijaona wa kumheshimu kuliko yeye.

Nilipoanza kwake nilidhani nitapewa mwiko. Nilipewa majivu na jani la mgomba. Nikasugua mitungi, nikasuuza, nikaigeuza juani, naye akaja akaingiza kichwa chote ndani ya mtungi mpaka mabegani, halafu sauti ikatoka humo:

"Mama Bosco, weye unasema umeosha? Huku ndani iko harufu ya juzi. Rudilia!"

Nilirudilia mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Wengi wenu mkiniletea pombe iliyoharibika, sina haja ya kuionja. Nanusa pipa. Mnaosha kwa haraka, mnasema plastiki haishiki harufu. Inashika. Isugueni kwa majivu na maji ya moto, muiache wazi juani, kisha mtie kichwa ndani bila kuona haya.

Baada ya kuosha akanisogeza kwenye moto. Unga wa mahindi tuliuloweka mpaka ukachachuka kidogo, tukaukamua, tukaukaanga kwenye bati nene lililokatwa kutoka pipa la mazutu, mafuta ya lori. Hapo ndipo wengi huharibu. Ukiutoa mapema, pombe inakuwa na ladha ya uji. Ukichelewa, inakuwa chungu, na wanywaji wanakuuliza kama umewauzia makaa. Rangi tunayotaka ni ile ya udongo wa barabara ya Komanda mvua ikishakauka. Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo. Nendeni mkaitazame barabara.

Kimea nacho kina mambo yake. Unalowesha ulezi, unaufunika kwa majani ya mgomba mpaka uote vimizizi, unauanika, unausaga. Hicho ndicho kinachoiamsha pombe. Ukikitia maji yakiwa moto sana, umekiua, na hakuna sala itakayokifufua. Mama Afoyo hakuwa na kipimo cha joto. Alitia kiwiko katika maji na kuanza kunisimulia habari za jirani. Akiweza kumaliza habari bila kutoa kiwiko, maji yamefaa. Akikikwamua katikati, tunangoja. Kwa njia hiyo nilijifunza kazi pamoja na siri zote za avenyu yetu.

Jambo la kufunga pombe nilijifunza kwa aibu kubwa, na mkitaka kucheka, chekeni.

Ilikuwa miaka ya ile amani yetu ya wasiwasi. Vita vilikuwa vimekwisha redioni. Soko lilifunguliwa, shule zilifunguliwa, lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari karibu na mlango, na mlio wowote, hata wa tairi, ulitosha kuwamwaga watu barabarani. Mteja mmoja wa Mongbwalu alitaka pombe ya kuwapelekea wachimba dhahabu. Nikaitia katika bidoni la njano, lile dumu la plastiki, ingali inachachuka. Nikaona povu linatoka mdomoni, nikasikitika kwamba nguvu ya pombe inapotea bure. Basi nikakaza kofia kwa mikono miwili, nikaliweka bidoni juani karibu na ukuta, nikaketi pembeni kupembua ulezi.

Mchana, soko likiwa limejaa, ukatokea mlio. Puu! Sijui nani alianza kukimbia. Ninachojua ni kwamba mimi sikuwa wa mwisho. Niliingia ndani nikanyakua godoro, nikaacha sufuria, nikaacha viatu, nikatoka mbio na avenyu nzima kuelekea kambi ya walinda amani, kama tulivyozoea. Fundi wa baiskeli alikimbia na gurudumu la mteja wake. Shemasi alinipita akiwa na mbuzi mabegani. Tukajazana mbele ya seng'enge tukiita majina ya watoto. Wanajeshi wa kigeni wakatuuliza kwa Kifaransa chao adui yuko wapi, na hakuna aliyejua.

Halafu tukamwona Mama Afoyo anakuja taratibu, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi bidoni la njano lililopasuka tumbo.

"Adui yenu njo huyu," akasema. "Na mama yake njo ule kule, mwenye kubeba godoro."

Watu wote wakanigeukia. Ndipo nikajua kwamba nimelowa povu mgongoni na ninanuka mandro kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa nimelikimbia bomu langu mwenyewe. Nikangoja matusi, maana hofu ile si ya mchezo, kulikuwa na mama mjamzito aliyekimbia nasi. Lakini yule shemasi akaanza kucheka, mbuzi angali mabegani, fundi akafuata, na yule mjamzito akacheka mpaka akashikiliwa asianguke. Tangu vita avenyu yetu haikuwa imecheka pamoja. Mama Afoyo hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alichukua bidoni lingine, akailegeza kofia, akatandika kitambaa juu, akanishika pua kwa vidole viwili.

"Nikufunge hivi na mudomo pia, utafanya je? Pombe inapumua sawa weye. Uiache ipumue."

Sasa mnisikilize vizuri. Siwachukii kwa mapipa yenu ya plastiki wala kwa levire, ile hamira ya pakiti. Levire imenisaidia mara nyingi, wateja wakiwa wengi na ulezi ukiwa mbovu. Mtu anayeuza pombe ya kawaida siku ya soko atumie anachoweza. Lakini kuna mtungi mmoja ambao pakiti ile ingeuharibu kuliko uchafu wowote, na huo ndio mtungi nilioupika nikitetemeka.

Mwanangu Bosco aliendesha pikipiki ya abiria njia ya Nyankunde. Huko akampenda Furaha, msichana aliyekuwa akijifunza uuguzi. Walipendana kabla ya kuulizana wametoka wapi. Kumbe Furaha alikuwa wa milima ya upande wa pili, wa watu ambao wakati wa vita sisi tuliwakimbia, na wao walitukimbia sisi. Baba yake alikufa humo. Kaka yangu naye alikufa humo. Sitataja makabila. Nyinyi mnayajua, na mimi nimechoka kuyataja.

Baba mdogo wa Furaha, Muzee Safari, ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Alituma jibu kwamba watakuja Bunia, watasikiliza maneno ya mahari, lakini hawatakula wala kunywa kwetu, na watarudi kabla jua halijainama. Hatukukasirika. Miaka ile mtu alikwenda hata matangani na maji yake kwenye chupa, kwa hofu ya sumu. Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Shida ni kwamba kwetu, na kwao pia, maneno ya ndoa yanamalizwa kwenye mtungi. Wazee wa pande mbili wanakunywa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja, ndipo binti anahesabiwa ameolewa. Wasipokunywa, wamekuja kutembea tu. Bosco aliacha kula.

"Mama, kama habakunywe, njo mwisho," akaniambia. "Furaha hataruka wazee yake. Na mimi siwezi kumuomba aruke."

Nikaenda kwa Mama Afoyo kumwomba aonje pombe mbele ya wageni, kama ilivyo desturi ya mpishi. Akatikisa kichwa.

"Kuonja haitoshe. Batu watasema nilimeza dawa ya kuua sumu mbele. Siye tupike na kimea yao."

Kesho yake mwanamke yule, na umri wake ule, akapanda pikipiki ya Bosco, rozari shingoni, wakaenda mlimani. Nilibaki nyumbani nikisugua mtungi. Bosco alinieleza baadaye kwamba aliingia katika ua wa Muzee Safari, akawasalimu wote, na wala hakugusa habari ya ndoa. Aliomba tu aonyeshwe kimea chao. Walirudi watatu kwenye pikipiki moja. Katikati alikaa Tantine Charlotte, shangazi wa Furaha, mfuko wa kimea mapajani. Aliposhuka hakunipa mkono.

"Niko nakuya kulinda kimea yetu," akasema. "Haiko juu ya urafiki."

"Karibu vile vile," nikamjibu, maana ningesema nini?

Kimea chao kilikuwa cha mtama, cheusi-cheusi, kinanuka moshi. Mimi na kiherehere changu nikauliza kama kiliungua. Tantine Charlotte akajibu bila kunitazama:

"Tulipokuwa mu pori, ukianika kintu inje, unaonyesha batu fasi unalala. Tulikausha juu ya moto, ndani. Mupaka leo tunafanya vile. Mukono imezoea."

Mama Afoyo alichota kiganja kimoja, akanusa, akatafuna polepole. Nilitegemea aseme kwamba kimea cha moshi ni kizito kuamka, maana hilo hata mimi nilikuwa nalijua. Hakusema hivyo.

"Mama," akamwambia, "mutu mwenye kufanya hii alikuwa mu hatari, na ata punje moja haikuoza. Mimi ningeshindwa."

Tantine Charlotte akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Nami, niliyekuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke yule mpaka siku ya arusi, nikaona moyo wangu umelegea bila kuniomba ruhusa.

Tukapika. Bakuli la ulezi wetu, bakuli la mtama wao, na aliyemimina ni Tantine mwenyewe. Alitia hata kiwiko chake katika maji, na Mama Afoyo akampa habari za jirani, zile zile nilizozisikia mimi, ila safari hii zilikuwa zimenenepa. Kitanda chake tukakiweka karibu na mtungi, kwa kuwa alisema hatauacha.

Mtungi haukuamka. Kila nikifunua kitambaa naona maji ya kahawia yametulia kama dimbwi. Hakuna povu, hakuna sauti. Kile kimea cha moshi kilikuwa kinavuta mguu, na ulezi wetu ulikuwa unakingoja. Siku ya wageni ikawa inakaribia, Bosco anapita uani kila mara akijifanya anatafuta spana. Nikaenda dukani nikanunua levire, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Kijiko kimoja tu, nikajiambia, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimekwisha kuinama juu ya mtungi, pakiti imefunguliwa, Mama Afoyo aliponikamata kiwiko.

"Mama Bosco. Unataka kutia unga nyeupe mu mutungi ya ndoa? Ule mama iko hapa anaona. Atasema nini kwabo?"

Nikageuka. Tantine Charlotte alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya maji, macho yako kwenye mkono wangu. Mjini kwetu, miaka ile, mama mkwe aliyekamatwa na unga mweupe juu ya pombe ya wageni angefanya ndoa ya nani iwezekane tena? Ningekuwa nimewaua watoto wale wawili bila sumu.

Mama Afoyo hakunificha na hakunitetea. Aliichukua pakiti akaitia katika kiganja cha Tantine.

"Hii njo levire. Angalia. Alitaka kutia sababu iko na woga, mutungi haiamuke. Nimemukataza."

Tantine Charlotte akaisoma pakiti mbele na nyuma, akainusa, akatia kidogo kwenye ulimi. Kisha akaitua ndoo yake, akaketi kando yangu.

"Ata mimi niko na woga," akasema. "Furaha njo mutoto nilibeba mugongoni wakati ya kukimbia. Unazani sitaki aolewe?"

Pakiti tukampa jirani anayepika mandazi. Mtungi tukaufunika kwa blanketi la Bosco, tukausogeza karibu na mafiga, na sisi watatu tukawa tunaulea kwa zamu, huyu anaongeza kaa, huyu analitoa. Hakuna mbinu nyingine, watoto wangu. Kimea kizito kinataka joto dogo lisilokatika, na mpishi asiyewahi kuchoka kungoja. Asubuhi ya siku ya wageni povu likatoka, jembamba, la aibu. Mama Afoyo akavuta kwa mrija.

"Iko hai. Lakini ingali mutoto."

"Tutafanya je?" nikauliza.

"Tutaitoa sawa vile iko. Yenyewe haidanganye, na siye tusidanganye batu."

Wakaja na gari la kukodi, wazee na akina mama, kila mmoja na chupa yake ya maji. Dereva akaligeuza gari kuelekea barabara na kuliacha linanguruma palepale langoni, tayari kwa kurudi. Maneno ya mahari yalikwenda vizuri, kwa heshima, kwa ubaridi, huku tukipaza sauti kushinda moteur, injini ya gari lile. Furaha alikaa na wenzake akitazama vidole vyake. Kisha mtungi ukaletwa katikati, maji ya vuguvugu yakamiminwa juu, mirija ikachomekwa. Mama Afoyo akanywa. Mimi nikanywa. Tantine Charlotte akanywa. Hakuna mwingine aliyenyanyuka.

Muzee Safari alikuwa mzee mrefu, amekonda, chupa yake iko kati ya miguu. Akamuuliza dada yake:

"Kimea iko ya nani?"

"Iko yetu," akajibu Tantine. "Ile ya moshi. Na ya kwao. Bakuli kwa bakuli, mimi mwenyewe nilimwanga. Sikuachaka hii mutungi ata kidogo."

Mzee akainama, akaushika mrija, akavuta. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akavuta tena. Akainua kichwa, uso umefungwa, akajifuta mdomo.

"Hii pombe ingali mutoto," akasema.

Bosco akafumba macho. Mtu wa kukukatalia ndoa hahitaji sababu kubwa kuliko hiyo, kwamba umempa pombe isiyoiva. Mama Afoyo akajibu bila kutikisika:

"Iko vile, muzee. Kimea yenu ni ya kupikia taratibu. Inaomba siku moja tena, na sikutaka kuikimbiza."

Muzee Safari akatazama jua. Akatazama gari langoni. Akamtazama Furaha, na mtoto yule kwa mara ya kwanza siku ile akainua uso.

"Siwezi kunywa pombe ya mutoto na kusema nimeozesha binti ya kaka yangu," akasema mzee. Kisha akapaza sauti. "Chauffeur! Zima moteur."

"Tunarudia saa ngapi, muzee?" dereva akauliza.

"Pombe ikiisha kuiva."

Moteur ikazimika. Ua wote ukawa kimya, na katika kimya kile tukausikia mtungi unafanya kazi yake, vipovu vinapanda na kupasuka, vinapanda na kupasuka. Nikalia mbele ya wakwe zangu, kwa sauti, bila haya yoyote. Mama Afoyo akanipiga kidogo begani.

"Acha kulia, Mama Bosco. Teka maji ya kuoga. Wageni wanalala hapa."